Mvinje Wenye Macho

Isfahan, 9 Shahrivar 1346
Asubuhi: anga safi, upepo mwepesi kutoka mtoni.

Mdogo wangu Nosrat,

Sisi hatujambo. Usta Yadola anakusalimu kutoka kwenye meza yake ya kuchapia vitambaa na anauliza kama huko Abadan bado mnakaanga mayai juu ya lami.

Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja. Jana Sayyid Mortaza, msimamizi wa wakfu, alikuja dukani. Alikunywa chai, akamsifu marehemu baba, kisha akanikumbusha sharti ambalo wewe na mimi tumelijua tangu utoto: duka letu ni mali ya msikiti, na kodi yake si fedha tu. Kila mwaka, tarehe mosi ya mwezi wa Aban, lazima tupeleke kitambaa kipya cha kufunika mimbari, chenye ua la mvinje la baba, si ua jingine. Mwaka kisipopelekwa, duka linapewa mtu mwingine. Mtu mwingine yupo tayari. Ni yule mtengeneza gazi wa mlango wa pili. Wiki iliyopita nilimkuta anapima upana wa milango yetu kwa kamba. Aliponiona akanipa kipande cha gazi, ile peremende yake ya lozi.

Vibao vya kuchapia mvinje ni vinne, kimoja kwa kila rangi. Siku ile ya kugawa urithi mimi nilikuwa ndani na wanawake waliokuja kwenye matanga. Ami Fathola, ambaye maisha yake yote ameuza nyuzi za mazulia, aligawa vibao vyote vya duka kama anavyogawa matikiti, bila kujali kipi kinakwenda na kipi: viwili kwa mwanamume, kimoja kwa mwanamke. Vyeusi akaviweka kwenye sanduku lako kwa sababu, kwa maneno yake, "hivi ndivyo vyenye picha, vingine ni mabaka tu." Nimebaki na mabaka. Ninacho chekundu cha mvinje, cha buluu na cha manjano. Cheusi, chenye mistari yote, unacho wewe.

Nitumie hicho kimoja tu. Vingine tutazungumza baadaye. Kitambaa kinahitaji siku za kuchapwa, kuchemshwa, kufuliwa mtoni na kukaushwa, kwa hiyo nakiomba kabla mwezi ujao, Mehr, haujaanza.

Dada yako,
Turan


Abadan, 18 Shahrivar 1346

Dada Turan,

Naubusu mkono wako. Barua yako imefika, na mwambie Usta Yadola kwamba mayai tumeacha kukaanga, siku hizi tunakaanga samaki, na hata kuwasha moto hatuhangaiki.

Kibao kipo, usiwe na wasiwasi. Kipo salama kabisa. Ila kwa sasa nyumba imejaa wageni, shangazi zake mke wangu Mehrangiz wamekuja kutoka Khorramshahr na mikoba yao na kuku wao wawili, na sanduku limewekwa chini ya kitanda wanacholalia. Ukimwamsha shangazi mkubwa mchana, mtaa mzima unajua. Wakiondoka tu nitakutumia.

Halafu dada, unavyomuogopa yule muuza gazi! Acha apime. Mwenye duka ni wewe. Kwenye kiwanda cha mafuta ni kama kawaida, king'ora kinalia, tunaingia, kinalia, tunatoka. Mehrangiz anakusalimu sana. Anasema wewe ndiye mtu pekee anayeandika barua ikafanana na taarifa ya uwanja wa ndege. Najua ukishaisoma hii utaandika kwenye shajara yako tarehe uliyoipokea, mawingu yalikuwaje, na saa uliyolala.

Mdogo wako mtiifu,
Nosrat


Isfahan, 26 Shahrivar 1346
Asubuhi: mawingu machache, yaliondoka kabla ya saa tatu.

Mdogo wangu Nosrat,

Nimeipokea barua yako tarehe 23. Wasalimie shangazi na kuku.

Nimenunua kitambaa cheupe cha pamba na nimekwisha kukichovya kwenye maji ya maganda ya komamanga. Kimekauka vizuri, kina rangi ya siagi. Kimekunjwa kwenye rafu na kinangoja. Nimechapa nyekundu kwenye kipande cha majaribio ili nione mkono wangu ukoje, kwa sababu bega la Usta Yadola haliwezi tena kupiga kibao kwa ngumi kutwa nzima. Nyekundu bila nyeusi inafanana na damu ya puani. Ami Fathola alisema kweli, ni mabaka.

Mbele za watu anayechapa ni Usta Yadola. Mimi naja alfajiri, kabla ya wenye maduka, na kufikia saa ya wateja niko nyuma ya pazia nakunja. Majirani wanajua, na hakuna aliyesema neno. Mtengeneza gazi peke yake ndiye aliyemwambia Yadola, "Usta, ngumi yako siku hizi imekuwa nyepesi, kama ya bibi harusi." Yadola akamjibu, "Na gazi yako imekuwa ngumu kama ngumi yangu ya zamani. Tumebadilishana."

Shangazi wakiwa wameondoka, tuma. Wakiwa bado wapo, mwamshe shangazi mkubwa.

Turan


Abadan, 4 Mehr 1346

Dada Turan,

Naubusu mkono wako na naomba usinikasirikie.

Wageni wameondoka, lakini nimefikiri. Joto hapa bado ni kali, na unyevu unatoka ukutani. Kibao cha mti wa mpea kikifungwa kwenye kifurushi katika hali hii kinaweza kupasuka njiani, halafu utanilaumu mimi. Nasubiri hewa ipoe. Au pengine Usta Yadola anamjua mchongaji mwingine, achonge cheusi kipya kwa kufuata kitambaa cha mwaka jana? Kipo pale msikitini, mtu anaweza kunakili.

Na jambo jingine, usilisome vibaya. Duka lile ni giza, lina baridi, na wewe unainuka alfajiri kama mwoka mikate. Baba mwenyewe alisema kazi hii inakula macho. Kama wakfu wanalitaka, je, ni lazima tuling'ang'anie? Hapa tuna chumba. Kuna shule ya wasichana ya kampuni, wanatafuta mwalimu wa kazi za mikono, na wewe una cheti cha sekondari. Ungekaa na sisi. Mehrangiz angefurahi, hana wa kugombana naye.

Fikiria tu.

Nosrat


Isfahan, 10 Mehr 1346
Asubuhi: baridi ya kwanza. Maji ya mtoni yamepungua kidogo lakini yanatosha kufulia.

Ndugu Nosrat,

Nimekuelewa.

Mchongaji wa mwisho aliyeweza mistari myembamba namna ile amehamia Tehran, anachonga milango ya hoteli. Hata angekuwepo, kibao cheusi kipya ni kazi ya miezi miwili, na iliyobaki si miezi miwili. Hili unalijua, ulikaa kwenye meza ile mpaka ukafikisha umri wa kunyoa.

Kwanza ilikuwa kuku, kisha joto, sasa ni chumba na shule ya wasichana. Ungeniambia tangu Shahrivar kwamba hutaki duka libaki, ningeokoa kitambaa. Kibao ni chako kwa sheria. Sitakiomba tena. Tarehe mosi Aban nitampa Sayyid Mortaza funguo, na utangoja upate barua ya wakfu ya kutia saini.

Nashukuru kwa habari ya chumba. Mimi nitabaki hapa Isfahan.

Turan binti Asadollah


Abadan, 14 Mehr 1346

Wifi yangu Turan,

Usishangae mwandiko, ni mimi Mehrangiz. Mume wangu yuko zamu na hajui kama naandika. Akijua atanuna siku tatu, na akinuna hali chakula, na asipokula mimi ndiye ninayekula samaki wote, kwa hiyo unaona ninavyojitolea kwa ajili yako.

Barua yako ameisoma mara moja, akaikunja, akaenda uani kukaa na paka. Nikaichukua mfukoni mwake nikaisoma mimi. "Turan binti Asadollah"! Wifi, unamwandikia ndugu yako kama unamshitaki mahakamani!

Sasa nisikilize. Hakuna shangazi aliyelalia sanduku. Walikuja kweli, na kuku ni kweli, lakini sanduku halikuwa chini ya kitanda. Kibao chako cheusi kilikuwa ukutani kwetu, juu ya redio. Na usije ukasema Mehrangiz mshamba wa Abadan amefanya vibao vya baba mkwe kuwa mapambo. Mkono ulioshika keekee ni wa ndugu yako. Wiki ile aliyorudi kutoka matangani alikitoboa matundu mawili, akapitisha waya, akakitundika. Nikamwambia, "Mwanaume, hiki si chombo cha kazi?" Akasema, "Kazi gani tena, aliyekipiga yuko kaburini." Kila asubuhi kabla ya king'ora anakigusa, namna mtu anavyogusa mlango wa kaburi la walii.

Barua yako ya kwanza ilipokuja akakishusha. Akaona matundu. Akachonga vijiti vya kuziba, vikawa vinene, mti ukalia *tak*, ukapasuka ufa mdogo. Akavitoa. Akatia lami ya kule kiwandani. Joto likaiyeyusha. Akatia tena vijiti, vyembamba, vikadondoka. Kila akikuandikia uongo mmoja, usiku anakesha mezani na kijiti kimoja. Habari ya chumba ni ya kweli, na ya shule pia, lakini aliileta siku ile ile ufa ulipotokea. Ameona haya, wifi. Hataki duka life. Anataka ardhi immeze.

Mimi sikuolewa ili nitazame mtu akizika kipande cha mti. Nimekifunga kwenye blanketi la mtoto nimempa dereva wa basi la Isfahan, jina lake Abdolkarim, ana jino la dhahabu. Blanketi nalitaka lirudi.

Wifi yako,
Mehrangiz


Isfahan, 20 Mehr 1346
Asubuhi: ukungu mtoni mpaka saa mbili, kisha jua.

Nosrat,

Kibao kimefika tarehe 17, na blanketi. Mkeo usimgombeze.

Nakupa hali ilivyo, bila kuongeza.

Ufa uko pembeni, haugusi mstari wowote. Vijiti vyako nimevitoa, kwa sababu kila nikipiga vilikuwa vinaruka kama mbegu. Yadola amejaribu vizibo vya mti wa mpea uleule, navyo vimeruka. Kibao hiki kinapigwa kwa ngumi mara mia kadhaa kwa kitambaa kimoja, hakuna kizibo kitakachokaa. Matundu yatabaki.

Uliyatoboa sambamba, moja kulia, moja kushoto, chini kidogo ya ncha ya mvinje, pale kichwa kinapopinda. Nimechapa kipande cha kwanza. Nikakitundika. Yadola akakitazama muda mrefu, kisha akaniambia, "Binti, baba yako Haji alichapa miti miaka arobaini. Wewe umeanza kuchapa bundi."

Ni bundi kweli. Matundu mawili meupe ndiyo macho, ncha iliyopinda ndiyo mdomo, na yale maua ya umbo la korosho yanayoshuka kila upande yamekuwa mabawa yaliyofungwa. Safu nzima ya bundi, wote wananitazama mimi. Nikigeuza kitambaa juu chini, wananitazama kichwa chini. Mtengeneza gazi alipita, akasimama, akasema, "Mashallah, mimbari itakuwa na waumini wapya." Kitu chenye uso hakiwekwi msikitini, unajua hivyo, na bundi hata nyumbani hawekwi.

Kuna njia moja. Mahali penye tundu panaweza kufungwa kwa kalamu ya mwanzi, kwa wino uleule mweusi, jani dogo baada ya jani dogo, kabla kitambaa hakijachemshwa. Baba alikuwa akifanya hivyo kibao kikiruka mstari. Si yeye, nimekosea. Aliyekuwa akifanya hivyo ni wewe, kuanzia miaka tisa mpaka ulipopanda basi la Abadan, kwa sababu mkono wa baba ulikuwa mzito na wangu ulikuwa haujaruhusiwa. Nimejaribu tangu juzi. Majani yangu yanafanana na nyusi, na bundi wanazidi kuwa hai.

Nyeusi na nyekundu nitamaliza kuchapa tarehe 23. Wafuaji wa mtoni wamekubali kunipa sufuria tarehe 27. Katikati hapo kuna nafasi.

Kalamu zako ziko kwenye kopo la chai, pale pale.

Turan


Simu ya maandishi. Abadan, 22 Mehr

NIMEPATA RUHUSA SIKU KUMI STOP NAJA NA BASI LA ABDOLKARIM STOP USIGUSE MACHO MENGINE STOP NOSRAT


Isfahan, 2 Aban 1346
Asubuhi: mvua nyepesi, ya kwanza tangu masika. Ilikoma saa nne.

Wifi yangu Mehrangiz,

Mumeo anapanda basi leo asubuhi. Barua hii nampa dereva yuleyule ije naye, kwa sababu Nosrat hatakueleza kwa mpangilio. Yeye huanza mwisho.

Alifika tarehe 24 na mfuko mmoja. Hakuomba radhi, nami sikumtaka aombe. Alisema, "Salamu, dada, wako wapi ndege wako?" Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kama kuna chai.

Alifanya kazi mezani siku tatu, na ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyokuwa mtoto. Jani moja katika kila tundu, na kila jani limepinda upande wake. Mimi nilimshikia kitambaa kisiteleze. Yadola alikuwa anahesabu kwa sauti, "Huyu amekufa, huyu amekufa, huyu bado anatutazama." Siku ya pili Nosrat alisema, bila kuinua kichwa, "Niliona kama hakuna atakayekipiga tena." Nikamwambia, "Mimi hukuniona?" Akachovya kalamu. Baadaye akasema, "Siku ile sikujua kama unapiga. Ulipoandika, matundu yalikuwepo tayari." Nilimwonyesha mkono wangu, pale kwenye kiganja ngozi ilipokuwa ngumu. Akautazama kama mtu anayesoma kipimo cha mvuke, akarudi kwenye majani yake. Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya kuhusu jambo hilo.

Tarehe 27 tulichemsha, tukafua. Nosrat aliingia mtoni na suruali imekunjwa pamoja na wafuaji, akateleza, wakamwita "mhandisi". Tulikianika kwenye kokoto. Nilichapa buluu tarehe 29 na manjano siku iliyofuata. Mchana huo sikuwa nyuma ya pazia. Sikuwa na muda wa kwenda nyuma ya pazia. Wateja wawili waliingia, wakatazama, wakauliza bei ya vitambaa vya meza.

Jana tulikipeleka. Sayyid Mortaza aliondoa cha mwaka jana, akakunja, akatandaza kipya juu ya ngazi za mimbari mwenyewe. Mtengeneza gazi alikuwepo, amekuja kuswali mapema sana. Mivinje ilikuwa imesimama ngazi hadi ngazi, na kwa jinsi majani ya Nosrat yalivyopinda huku na huku, ilionekana kama kuna upepo mdogo juu yake. Kwenye kazi ya baba haukuwepo. Sijui ningesema ni bora au si bora. Ni tofauti.

Halafu nikaona. Pembe ya chini, kwenye upindo, karibu na sakafu, mvinje mmoja ulisahaulika. Macho mawili meupe. Bundi mmoja, mzima, anatazama jamaa waliokuwa wakijipanga. Nosrat naye alimwona, nikamsikia akivuta pumzi. Nilipiga hatua nikasimama mbele ya bundi, lakini Sayyid Mortaza alikuwa ameshainama. Wifi, niliwaza funguo. Zilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimezibeba kwa tahadhari.

Mzee aliangalia pembe ile. Akamwangalia Nosrat, vidole vyake bado vyeusi. Akaniangalia mimi, mikono yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyu atakaa upande wa ukutani." Akaukunja upindo, akausukuma nyuma ya mimbari kwa ncha ya kiatu, akajinyoosha polepole akishika kiuno. Kisha akamgeukia mtengeneza gazi akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Haya, pisha, unawazibia njia wenye duka."

Kibao cheusi kimebaki hapa. Nosrat mwenyewe alikiweka kwenye rafu, kati ya chekundu na cha buluu. Vyeusi vingine atavileta mwaka mpya, wakati wa Nowruzi. Kwa ajili ya ukuta wenu nimempa cha manjano cha ua la zamani ambalo halichapwi tena, hata baba aliliacha. Ni mabaka tu, lakini kina tundu lake tayari, la panya, kwa hiyo keekee haitahitajika. Nimempa pia kile kipande cha kwanza cha bundi, ameking'ang'ania. Anasema shangazi mkubwa akija tena atamtundikia juu ya kitanda. Blanketi la mtoto limefuliwa mtoni, limo kwenye mfuko wake.

Ile shule ya wasichana, wajibu kwa niaba yangu kwamba nashukuru, nina kazi.

Naiendeleza barua hii kwa kuwa basi limechelewa kuondoka. Jana, mumeo aliuliza kama bado naandika kwenye shajara saa ninayolala, nikamwambia ndiyo, akaniomba nimsomee za mwezi uliokwisha. Nilimsomea. Saa nane. Saa tisa na nusu. Sikulala. Saa nane. Sikulala. Akaifunga shajara. Kisha akasema, "Ya leo mwandikie Mehrangiz, ili na mimi nijue."

Tarehe mosi Aban: nililala saa tatu na robo usiku.

Wifi yako,
Turan